Punguza Wali

Kwetu mzazi hukaa ndani arobaini, akilishwa na kukandwa kwa maji moto. Mimi sikuifikisha hata nusu. Mama mkwe alirudi Munje kuvuna mpunga wake, na mume wangu akaanza kuniuliza samaki wake yu wapi. Nikawa napika, nafua, nanyonyesha, na tumbo bado limelegea.

Jirani yetu hapo Diani alikuwa Mchina, na tulijifungua wiki moja. Mwezi wake wa kukaa ndani ulipokwisha alitoka nje, mwembamba kama hakuzaa. Mume wangu akamtazama yeye, kisha akanitazama mimi. "Mwenzio huyo keshapungua. Wewe punguza wali."

Nilikuwa nimeingia kwa jirani yule kumpa hongera, nikajionea mwenyewe. Hakugusa maji baridi wala ufagio. Mamake alimletea supu ya kuku na tangawizi kitandani. Nepi alifua mumewe, na kuanika akaanika mume huyo huyo.

Nikaenda uani, nikabeba ndoo ya nepi za mwanetu, nikaitua miguuni pa mume wangu.

"Ukitaka mke kama yule," nikamwambia, "fua kama mumewe."