Furu za Mama

Juzi sokoni Mpanda, harufu ya furu zilizoiva, yale matunda meusi ya porini, ilinirudisha utotoni Inyonga, mchana ule nesi alipomwambia bibi, "Huyu mama amepungukiwa chuma mwilini."

Mama alikuwa amejifungua karibuni, midomo imepauka. Sikuweza kutulia. Nilikimbilia banda la tumbaku, nikang'oa misumari miwili yenye kutu, nikampelekea.

"Mama, meza hii."

Bibi hakunicheka. Alinishika mkono tukaingia porini, nyuki wakivuma, tukaokota furu mpaka kanga yake ikajaa.

"Chuma cha kula kimo humu," alisema.

Sasa najua vidonge vya chuma alivyopewa na nesi ndivyo vilivyosaidia zaidi. Lakini jioni ile mama alikula furu hizo, akacheka kwa mara ya kwanza tangu ajifungue, meno yote meusi.