Hewa Safi ya Kintinku

Majaribio yetu yanataka hewa safi, na Dodoma mjini hewa imeshachafuka. Ndiyo sababu nikatumwa Kintinku. Tulikuwa tunajenga kituo cha kupima mawasiliano ya kwanta: chembe za mwanga hurushwa hewani moja moja zikibeba ufunguo wa siri, na mtu akijaribu kuuchungulia, tunajua.

Tuliondoka alfajiri, gari limejaa saruji na darubini. Baada ya Bahi nchi yote ilikuwa kijivu. Mvua zilikuwa zimechelewa, na ng'ombe tuliowapita mbavu zao zilihesabika. Moyo wangu ulikuwa mzito, lakini safari ya kikazi huichagui.

Kintinku nilifikia kwa Mama Yohana, mjane mwenye ng'ombe mmoja tu, mwenye mimba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu, karibu. Huyu akizaa, wajukuu watapata maziwa," alisema akimpapasa ng'ombe wake mgongo.

Tulijenga kibanda kimoja juu ukingoni mwa bonde, kingine chini kijijini. Kila magharibi tuliporusha mwanga, mifugo ilikuwa inarudi kutoka kisimani ikitimua vumbi, na mwanga ukapotelea humo. Kiongozi wetu akamwomba mwenyekiti wa kijiji mifugo izunguke nyuma ya kilima mpaka tumalize. Kijiji kizima kikakubali.

"Mama, ng'ombe wako atauweza mzunguko mrefu ule?" nilimuuliza Mama Yohana.

"Wageni mmeomba. Tutakataaje?"

Ndivyo walivyo wenyeji wangu: mgeni akiomba, hakuna anayetaja hasara yake.

Jioni moja hewa ikatulia kabisa. Ufunguo ukafika mzima, tukashangilia kama watoto. Kumbe saa hiyohiyo ng'ombe wa Mama Yohana alikuwa ameanguka kwenye mzunguko, miguu imeishiwa nguvu. Wakamchinja kabla hajafa.

Mama akaniwekea ini, fungu la mgeni.

"Kula, mwanangu. Usilale njaa."

Nilikula, maana kukataa kungemuumiza zaidi. Sijapata kula kitu kichungu namna ile.

Njia nzima ya kurudi nilimfikiria Mama Yohana. Nilichojifunza ni kwamba mtu asiyejua kukukatalia haombwi ovyo. Ofisini Dodoma nilimweleza mkuu wetu habari ya ng'ombe. Akasikitika, kisha akanipa mkono wa pongezi. Bonde lenye hewa safi vile hajaliona, alisema. Kiangazi kijacho anataka turudi, tukae mwezi mzima.