Maharagi ya Kamango Ndani ya Frigo

Kwa Kavira, frigo ilikuwa kabati. Ilikuwa ya aina ile kubwa inayolala chini kama jeneza la tajiri, na tangu ifike Butembo haikuwa imegandisha hata tone moja. Kule kwao Kamango, Abdias mume wake aliiwashia jenereta na kuuza humo samaki na sucré, zile soda za chupa, za baridi. Siku ya kukimbia vita, watu walibeba mbuzi, magodoro na wazee wao. Abdias alibeba frigo. Mama mmoja asiyewajua alipanda pickup ile ile, akasafiri amekalia kifuniko mpaka Beni, na kwa kila shimo la barabara alimkumbusha Abdias kwamba mtu mwenye akili angebeba kuku.

Butembo walipata nyumba ya kupanga isiyo na umeme, na ndipo frigo ilipobadilisha kazi. Ilikuwa kabati nzuri kuliko yoyote ya fundi, maana panya wa Butembo wanakula kila kitu ila chuma kinawashinda. Humo Kavira aliweka mapazia ya sebule yake ya Kamango, vitambaa vya kufuma, kikwembe chake chekundu cha kuvaa, mfuko wa unga wa muhogo, na chini kabisa, gunia dogo la maharagi.

Maharagi hayo hayakuwa ya kula. Yalikuwa mbegu, mekundu yenye madoa meupe, ya mavuno ya mwisho ya shamba lake. Kila msimu wa kupanda ulipokaribia aliyatoa, akayapepeta, akatupa yaliyotobolewa, akamwambia Abdias, "Msimu hii tutarudia kwetu." Kisha habari za mapigano ya kule zilifika na mtu wa pikipiki, na maharagi yakarudi chini ya mapazia. Abdias alichukua ufagio akatoka. Alikuwa ameshajifunza kwamba mbele ya gunia lile, mume mwenye busara anatafuta kazi ya kufanya nje.

Kavira alikuwa na utaratibu wake. Kifuniko alikiinua kwa kijiti, kitu kisivunde. Na waya wa frigo aliuchomeka kwenye soketi ya ukutani ili usimnase mtu mguu. Ukuta ule haukuwa na umeme. Ilikuwa sawa na kuutundika kwenye msumari.

Wakaenda Beni, kwenye harusi ya mdogo wake Abdias. Harusi ni ya siku moja, lakini mbele yake na nyuma yake kuna wiki nzima ya kuosha masufuria, na Kavira alioshea ukoo wote. Waliporudi na kufungua mlango, maji yaliwatokea kizingitini kama wageni wanaoaga.

"Papa Jokébed, uliacha maji?" Kavira akamuuliza mumewe, kwa jina la mtoto wao wa kwanza.

"Maji gani? Maji yenye tunanunua kwa bidon, nitaiacha wapi?"

Jirani yao Ngalula akatokea, mikono kiunoni. Ni mke wa askari kutoka Kananga, na hakuna kitu cha uwanja ule kinachompita.

"Mama Jokébed, félicitations, mulipata courant. Bailleur, mwenye nyumba yenu, aliingiza siku ile ile mulienda. Frigo yenu ilikuwa inaimba usiku na muchana. Nikasema, ee, hawa bantu beko na franga, banagandisha hewa. Jana unité za umeme zikaisha, ikanyamaza."

Kavira aliweka mzigo wake juu ya meza na kwenda kuangalia. Kijiti kilikuwa bado kimesimama kazini. Wiki nzima baridi ilikuwa imeingia na hewa ya Butembo imeingia, vikajengana humo ndani mpaka vikawa barafu, kisha yote ikaanza kuyeyuka. Kwenye pembe moja kilibaki kipande kikubwa, cheupe, kinadondoka polepole.

Alikiangalia muda. Kamango, asubuhi isiyo na mawingu, mtu akinyoosha mgongo katikati ya shamba alikuwa anauona weupe ule juu ya Ruwenzori, mbali, naye chini huku anatokwa jasho, udongo una joto chini ya miguu kama tumbo la mnyama aliyelala. Hakuwahi kufikiri kwamba theluji ile ingemfuata mpaka nyumbani.

"Usiiangalie vile," Abdias akasema. "Haitatulipa."

Wakaanza kazi. Ngalula alileta raclette yake, ule mpini wenye mpira, akawa anasukuma maji nje na midomo yake haikupumzika. Unga wa muhogo ulikuwa umegeuka gundi. Abdias aliukwangua kwa kijiko, mkono mzima ndani. Kikwembe chekundu kilikuwa kimetoa rangi yote kwenye mapazia, na mapazia ya Kamango, yaliyokuwa meupe, yakatoka na madoa kama yamechinjiwa mbuzi. Kavira aliyakamua na kuyatundika kwenye kamba. Ngalula alipoyaona, akanyamaza, jambo ambalo uwanja ule haukuwa umelizoea.

Gunia alilitoa mwisho. Lilikuwa zito kuliko alivyolijua. Alilifungua juu ya basani, beseni lake la kuoshea. Maharagi yalikuwa yamekunywa, yamevimba, ngozi zimenyooka na kung'aa.

"Tuanike," Abdias akasema.

"Maharagi yenye imekunywa vile, ukiikausha inakufa. Unajua."

Abdias alijua. Akaendelea kufuta kijiko ambacho kilikuwa safi.

Hapo ndipo mwenye nyumba, Papa Apollinaire, alipofika kushukuriwa kwa umeme wake. Alikanyaga maji, akarudi nyuma, akaelezwa, akachungulia basani.

"Mais mama, hii iko shida gani? Imeshalowana, itaiva mbio. Weka sufuria ku moto, mafuta, kitunguu, bon."

Kavira alimtazama, na Papa Apollinaire akagundua ghafla kwamba ukuta wa nje unahitaji kukaguliwa.

Kavira akakaa kwenye kibao, mikono ndani ya maharagi. Ayapike, Kamango iishe kwa chakula cha jioni moja. Ayapande hapa, basi ni kusema kwa mdomo wake mwenyewe kwamba msimu huu hawarudi. Ayaache, yataoza kabla ya Jumapili.

Ngalula aliegemea raclette.

"Yaya, dada yangu, miye nikuambie. Kila mwaka ninasema, mutation ya bwana itatoka, batamuhamisha, tutarudia Kananga. Njo maana sijapanda hata kitunguu. Lengalenga ya mboga ninanunua. Pilipili ninanunua, na ku mulango yangu kuko udongo muzuri, bakuku banaipekua tu. Batoto bamekomaa hapa, bananitukana na Kinande ya hapa mu nyumba yangu, na miye ningali nafunga valise."

 Nje, mapazia yalidondosha maji mekundu.

Kavira akasimama na basani yake, akamfuata mwenye nyumba nje.

"Papa Apollinaire, ile nafasi nyuma ya jikoni. Nipatie."

"Pale nataka kujenga garage."

"Garage ya gari gani, patron?" Abdias akauliza kutoka mlangoni, kwa heshima yote.

Papa Apollinaire alitazama pikipiki yake, kisha maji yaliyokuwa bado yanatoka ndani ya nyumba.

"Msimu moja," akasema.

"Hata miye niko nasema moja," Kavira akamjibu. "Wasingya," akamshukuru kwa Kinande.

Akaazima jembe kwa Ngalula, ambaye alilikuta nyuma ya magunia ya makaa, likiwa bado na bei ya dukani kwenye mpini. Udongo wa nyuma ya jikoni ulikuwa mweusi, baridi, unashika vidole. Kavira alichimba mashimo, akatupia mbegu mbili mbili, akafukia kwa mguu. Mara moja moja alisimama na haragi kiganjani, kama mtu anayemsindikiza mgeni na hataki kufika barabarani. Ngalula aliomba konzi moja. Kavira alisita, akahesabu kwa macho yaliyobaki, kisha akampa.

"Ikitoa," akamwambia Abdias, "nitachagua mbegu mupya. Hizi zilikuwa zinazeeka. Siku tutarudia, hatuwezi kuingia ku shamba na mbegu yenye kuzeeka."

Abdias alikuwa amechuchumaa, anabonyeza udongo kwa gumba.

"Baridi hii ya Butembo itaikubali?"

"Miye ilinikubali?" Kavira akasema, akasogea kwenye shimo linalofuata.