Raifo Aliyoniachia Mume Wangu

Mume wangu aliinunua ile raifo kwa mfanyabiashara mmoja wa mtaa wa Majengo mjini, aliyekuwa anafunga duka ahame Sumbawanga arudi kwao. Ilikuwa bunduki ya jeshi la zamani, ya vita ambavyo hata baba zetu walivisikia tu, nzito, na ubao wake ulifunika mtutu karibu wote hadi mdomoni. Haikuwa bunduki ya kumwaga risasi. Ukishapiga moja unainua mkono wa bolti, unauvuta nyuma, ganda linaruka, unausukuma mbele tena ndipo upate nyingine. Alifuata taratibu zote za polisi, akapewa leseni, akaja nayo nyumbani imeviringishwa kwenye blanketi.

Mimi kwetu ni Mbeya. Nililetwa Rukwa na kazi ya ualimu nikiwa msichana, nikajiambia nitakaa kidogo kisha niombe uhamisho. Nikaolewa hapa. Kijiji cha mume wangu kiko pembeni kabisa mwa Ufipa, mahali ambapo nchi inakatika na kuteremka kuelekea Ziwa Rukwa, na shamba letu la mahindi na ulezi ndilo la mwisho kabla ya pori la mteremko. Nyani hupanda kutoka huko mchana kweupe. Huja kwa familia, wakubwa mbele, na hawana haraka. Ukiwapigia kelele wanakutazama kwanza, kisha wanaendelea kumenya.

Kwa hiyo bunduki haikuwa anasa. Lakini mume wangu aliipenda kuliko kazi yake ilivyodai. Jumamosi moja nilimkuta uani ameibana kwenye benchi la kufulia, anakata ule ubao wa mbele kwa msumeno.

"Unaiharibu," nilimwambia.

"Naipunguzia uzito. Hii ilitengenezewa watu wa gwaride. Mimi napanda nayo mlima."

Aliusugua ubao uliobaki kwa msasa siku nzima, kisha akaupaka mafuta ya alizeti ya kupikia kwa sababu ndiyo yaliyokuwepo. Ubao ukawa unanata. Vumbi likashika, nywele za paka zikashika, ikabidi aukwangue wote kwa kipande cha chupa na kuanza upya. Nilicheka mpaka naye akacheka. Mara nyingi alipiga hewani juu ya shamba, nyani wakakimbia, akarudi kula. Kuua aliua mara chache, na kila mara alimtaarifu kwanza afisa wanyamapori.

Kisha figo zake zikaharibika. Tulihangaika na hospitali mpaka maneno yakatuishia, akafa. Raifo ikachukuliwa ikawekwa polisi kama sheria inavyotaka, na baada ya kumaliza matanga ukoo ukakaa kuamua nani aombe kuimiliki.

Kila mtu alijua shemeji yangu ataitaka. Ni mdogo wake marehemu, mkulima hodari, lakini akishakunywa pombe ya ulezi anakuwa mtu mwingine, na wote pale ndani tulishamwona akiwa mtu mwingine. Alisema yeye ndiye mwanaume aliyebaki kijijini, kwa kuwa wanangu wawili wako mbali kikazi. Hakusema vibaya. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho, akarekebisha kanga yake begani.

"Akipewa huyu, mimi silali," alisema. "Apewe mwalimu."

"Mama, mwalimu ni mwanamke."

"Namwona."

Hapakuwa na mjadala zaidi. Shemeji alisimama akaondoka, chakula kimeshapakuliwa. Tangu hapo tukawa watu wa kusalimiana kanisani tu, na salamu yenyewe ilikuwa ya kutazama pembeni.

Watu wamewahi kuniuliza kama niliipokea kwa ujasiri. Niliipokea kwa sababu mama mkwe ndiye aliyenifundisha kulima matuta, ndiye aliyenizalisha mtoto wa kwanza barabara zilipofungwa na mvua, na sikuwa na nguvu ya kumkatalia. Na nyani walikuwa wameshajua kwamba nyumba ile haina mtu wa kupiga. Nikajaza nilichotakiwa kujaza, nikachukuliwa alama za vidole, nikahojiwa, nikakabidhiwa raifo, nikaambiwa nikajifunze. Nikaenda kwa mzee mmoja wa kijijini, mstaafu wa jeshi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Kabla hujaigusa nikuulize. Unaiogopa?"

"Naiogopa."

"Basi endelea kuiogopa. Na usiikumbatie kama mtoto, ibane begani. Ukiiachia nafasi itakupiga."

Ilinipiga vilevile. Mikono yangu ni mifupi na kitako cha raifo kilikuwa kirefu, kikawa kinakaa nusu begani nusu kwapani. Nilirudi darasani na michubuko, nikawa naandika ubaoni kwa mkono wa kushoto kama mtoto wa darasa la kwanza. Mzee akasema hapo hakuna mazoezi yatakayosaidia, kitako kikatwe.

Nilimpata fundi seremala Majengo, mtu wa vitanda na majeneza. Aliniangalia, akaangalia blanketi, akaniambia nirudi na barua ya polisi, bila hiyo hata msumeno hatoi. Nilimheshimu kwa hilo, ingawa lilinirudisha mjini mara nyingine. Niliporudi na barua alinipima mkono toka kiwiko hadi kidole kama anayenishonea gauni, akakata kitako, akapigilia kipande cha tairi mahali pa kugusa bega. Ule ubao wa mbele aliousugua mume wangu aliupitishia kidole.

"Huyu aliyekata hapa hakuwa fundi," alisema.

"Hakuwa."

"Lakini alikuwa na subira."

Nikalia pale kwenye maranda. Fundi akaendelea na kazi yake, na ndivyo nilivyotaka.

Sikujua kwamba ukiwa na bunduki kijijini, si shamba lako tu unalolinda. Walianza majirani wenye shida ya nyani. Kisha ukaja msimu wa kichaa cha mbwa, mtu wa mifugo akazunguka kuchanja, na kwa wale mbwa ambao walikuwa wameshaanza kuuma akapita kwangu na barua ya mtendaji wa kijiji. Baada ya mbwa akaja punda aliyevunjika mgongo chini ya mzigo wa magunia. Baada ya punda sikumbuki mpangilio wake. Nilikuwa nafundisha hesabu, naona mtu amesimama karibu na mlingoti wa bendera, kofia mkononi, hajasogea, na najua ananisubiri mimi. Wote walianza vilevile: mwalimu, samahani kukusumbua.

Niliwaambia wanangu kwa simu. Mmoja alisema niuze. Mwingine alisema baba asingependa. Wote wawili walikuwa wanaongea kutoka mahali ambapo hakuna mtu wa kusimama karibu na mlingoti.

Risasi nazo zilikuwa taabu. Ni za aina ya zamani, Sumbawanga hazipatikani, nilifunga safari mpaka Mbeya nikaambiwa niende Dar, na zile alizoacha mume wangu zilikuwa zimekaa sana. Nyingine unavuta kifyatulio unasikia tu kimlio kikavu, basi. Mzee alinifundisha kwamba hapo usifungue upesi. Unaielekeza ardhini, unasubiri, kwa sababu inaweza kulia kwa kuchelewa. Nimesubiri hivyo mara nyingi mbele ya wanyama wanaoumia, huku mwenye mnyama ananitazama. Ukisubiri hivyo hujui macho uyaweke wapi.

Wakati wa kulima, mvua zilipokwisha kushika, shemeji alikuja. Ilikuwa alasiri. Nilikuwa napepeta ulezi nikamwona getini, na kwa vile hakuwa ameingia kwangu tangu siku ile ya kikao, nilidhani kuna msiba.

"Karibu shemeji."

"Sikai." Miguu yake ilikuwa na tope mpaka magotini. "Maksai wangu ameanguka korongoni. Yule mwekundu. Ukingo ulimeguka tukiwa tunageuza plau."

"Amevunjika?"

"Mguu wa mbele. Mfupa uko nje." Akatazama ungo wangu. "Tumejaribu kumchinja. Hafikiki. Akiona mtu, anarusha pembe, na pale chini ni pembamba. Kijana wa jirani nusura auawe."

Hakusema samahani kukusumbua. Nilishukuru kwa hilo. Niliingia ndani nikafungua kabati, nikavaa mabuti ya marehemu, tukaenda. Upepo ulikuwa wa baridi na nilichoka kabla hatujafika. Haikuwa miguu. Nilikuwa nimechoka kwenda mahali ambapo najua nitakachokikuta.

Maksai mwenzake alikuwa juu kwenye ukingo, wamemfungua nira, lakini hakwenda kula. Alisimama tu. Chini korongoni yule mwekundu alilala ubavu, anajaribu kuinuka kwa kishindo, anaanguka. Alikuwa mnyama mkubwa, mzuri. Nilimkumbuka akiwa ndama, mume wangu alikwenda kuwasaidia kumzoesha nira.

Nilitafuta mahali pa kupiga magoti. Shemeji akashuka upande wa nyuma, akaweka mkono mgongoni mwa mnyama akawa anamsemesha Kifipa, maneno yaleyale ya kugeuza mwisho wa tuta. Maksai akatulia. Kwa pale nilipokuwa niliona masikio yake yakimgeukia bwana wake.

"Shemeji, toka hapo."

"Akikaa nami anatulia."

"Najua. Toka, siwezi kupiga ukiwa hapo."

Alitoka. Nikakoki, nikalenga pale mzee aliponionyesha, nikavuta. Kimlio kikavu. Nikaielekeza ardhini nikasubiri. Shemeji hakunitazama mimi, alimtazama ng'ombe wake, na midomo yake ilikuwa inaendelea na yale maneno bila sauti. Nilipoona muda umetosha nilivuta bolti, risasi mbovu ikaanguka kwenye tope, nikasukuma nyingine. Hii ililia.

Korongo lilirudisha mlio, ndege wakaruka. Wanaume wakashuka na visu wawahi kumtoa damu. Shemeji aliketi kwenye ukingo, viganja juu ya magoti. Niliketi karibu naye kwa sababu bega lilikuwa linaniuma na sikutaka kutembea.

"Kaka alikuwa anafanya hivi?" aliuliza.

"Ya ng'ombe hapana. Alikuwa anawapigia nyani, tena hewani."

"Na wewe mara ngapi?"

"Sihesabu."

Alitikisa kichwa. Jioni mkewe aliniletea sehemu ya paja kwenye sufuria lililofunikwa kitambaa safi. Niliipokea, nikaipika vizuri, nikawapa majirani. Sikuweza kuila.

Mavuno yalipoisha nilikwenda kwake mwenyewe. Nilimkuta anatengeneza ghala, na hakuwa amekunywa. Watu walisema alikuwa amepunguza sana. Nilimwambia nimechoka, na kwamba mama mkwe, ambaye wakati huo alikuwa hatoki kitandani, amesema hatapinga tena. Kama bado anaitaka raifo, tutafuata taratibu, atahojiwa, na mwenyekiti wa kijiji atamsemea.

Aliendelea kusokota kamba.

"Ningeichukua zamani," alisema. "Nilikuwa naona namna watu walivyomsalimia kaka akipita nayo. Nilidhani kazi yake ndiyo hiyo tu."

"Na sasa?"

"Sasa hapana, shemeji. Usinipe."

"Mimi pia siitaki."

"Basi irudishe ilikotoka."

Nilidhani ningesikia uchungu. Nilisikia usingizi. Wiki iliyofuata niliipaka mafuta mara ya mwisho, mafuta ya cherehani, nikaiviringisha, nikaenda nayo polisi Sumbawanga na risasi zilizobaki. Askari aliyenipokea alikuwa kijana mwenye adabu, akaniamkia kwanza. Aliifungua, akachungulia mtutu, akalinganisha namba na leseni yangu, akaigeuza huku na huku.

"Mama, hii imekatwa mbele na nyuma."

"Ndiyo, mwanangu."

"Sasa hata ukitaka kuiuza, nani ataichukua? Kwa mwanaume ni fupi."

"Siiuzi. Naisalimisha."

Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikasaini. Aliibeba kuingia nayo ndani, na mimi nikabaki na blanketi mikononi, sijui nilifanyie nini. Nilipita sokoni nikanunua sabuni na dagaa wa Kipili, nikarudi nyumbani.

Nimestaafu sasa. Shemeji huja jioni nyingine, anakaa, tunaongelea mvua. Yule maksai aliyebaki hakukubali mwenza mwingine, ikabidi auzwe. Watu waliendelea kuja kwangu kwa muda mrefu, maana habari haifiki kote siku moja. Nawaambia iko polisi, na wao wanasimama bado, kana kwamba ninaweza kuifuata. Juzi alikuja mama mmoja wa kitongoji cha chini, nyani wako kwake. Nilichukua debe na fimbo nikaenda naye. Tulipiga debe mpaka mikono ikalegea. Baadhi waliondoka. Wengine walihamia upande wa pili wa shamba, nasi tukakaa chini kwenye tuta tupumzike kwanza.