Tiki Niliyoirudisha

Persis alinifundisha kupiga taipu mwaka wa themanini na sita, na mimi nikamlipa kwa kunyamaza. Naanza na hilo ili mtu asije akanionea huruma katikati ya hadithi. Jina langu ni Drusilla. Nilifanya kazi kwa Bwana Haresh, duka la vitabu vya shule, bahasha na fotokopi hapa Kisii mjini, na nyuma ya kaunta kulikuwa na meza mbili za taipu. Moja yangu, moja ya Persis, ambaye sote pale tulimwita Mama Job.

Mama Job alikuwa mwanamke wa Marani, mnene, mikono mizito, sauti ndogo. Barua za kuomba kazi, mikataba ya mashamba, kumbukumbu za mikutano ya kanisa, vyote vilipitia kwake. Lakini jina lake lilijulikana kwa sababu ya mazishi. Mtu akifa, iwe Marani, iwe kule Nyamira, familia ilimjia yeye awapigie historia ya marehemu, ile inayosomwa kabla ya jeneza kuteremshwa. Na kwetu sisi hiyo historia si mapambo. Mzee akiwa na wake wawili, kila nyumba lazima itajwe, kila mtoto kwa mpangilio wake. Ukirukwa pale, mbele ya ukoo na chifu na mchungaji, kesho yake watu wataanza kuuliza wewe ulikuwa nani hasa katika boma lile.

Ndiyo maana Mama Job alikuwa na utaratibu wake. Aliwakalisha wote, akachukua karatasi waliyoandika kwa mkono, akaisoma polepole, jina baada ya jina, mpaka kila mmoja aitikie *inee*, ndiyo. Hapo ndipo alipoanza kupiga, macho yake yote kwenye ile karatasi yao. Mashine hakuitazama hata mara moja. Alikuwa akiniambia kwamba karani anayechungulia kazi yake ni kama mpishi anayefunua sufuria kila dakika. Akimaliza hakusoma tena, na hakuna aliyemwomba asome. Kwenye taipraita, ulichopiga kimepigwa.

Mwaka wa tisini na nane stima ilikuwa ikipotea ovyo mjini. Bwana Haresh, ambaye amezaliwa hapa hapa na hubishana kwa Ekegusii, lugha yetu, na akina mama wa soko mpaka wanacheka, alimwagiza binamu yake Aakash amletee laptop kutoka Uingereza, ile kompyuta ya kukunja ambayo hata stima ikienda inaendelea kidogo. Ilipofika akatuita sote wawili. "Mashine ni moja," akasema. "Baada ya Krismasi nitahitaji karani mmoja. Jifunzeni, nitaona."

Nikajua hapo hapo atamchagua nani. Mimi nilikuwa nimesomea kompyuta miezi mitatu Nakuru, nina cheti changu kwenye fremu, lakini wateja walikuwa wa Mama Job. Tena wiki hiyo hiyo alikuwa amechana barua yangu mbele ya mwalimu mkuu mmoja, akaniambia nirudie kwa sababu nimeandika tarehe mara mbili. Ni kweli niliiandika mara mbili. Lakini kuchaniwa barua mbele ya watu, na wewe una miaka thelathini na moja, kunauma.

Sasa ile laptop, chini ya herufi zake, ilikuwa na kibao kidogo laini cha mraba. Unakipapasa kwa kidole, mshale unatembea kwenye kioo. Ukikigusa tu, ni kama umebonyeza. Mama Job alikuwa amezoea kulaza viganja vyake vizito mbele ya mashine, na vidole gumba vyake vilikigusa kila baada ya mistari miwili. Basi anaandika hapa, maneno yanatokea kule. Sentensi inakatika, nusu yake unaikuta kwenye aya nyingine. Alikuwa akiinua macho, anakuta fujo, anaanza upya.

"Drusilla, hii kitu ina pepo?" akaniuliza siku moja.

"Labda ni uzee, Mama Job," nikamjibu, nikacheka. Naye akacheka.

Haikuwa pepo wala uzee. Mimi pia ilinisumbua siku ya kwanza, na siku ya pili nikapata dawa. Unaingia kwenye mipangilio, mahali penye picha ya mausi, unakuta kisanduku chenye tiki. Unaitoa ile tiki, kibao kinakufa. Unachomeka mausi ya kawaida nyuma, unafanya kazi yako kwa raha. Kazi ya nusu dakika. Na kila nilipomaliza zamu yangu, kabla ya kumpisha Mama Job kwenye kiti, nilirudi pale pale nikairudisha tiki, nikaitia mausi kwenye droo. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa na roho mbaya, basi, nisitafute neno lingine.

Alhamisi moja mwezi wa kumi ikaja familia ya marehemu Mzee Angwenyi wa Ikonge. Walikuja vijana watatu wa nyumba kubwa, mama yao akiwa ametangulia miaka mingi, na mke wa pili, Gesare, na binti yake wa pekee, Joyline. Mama Job akawasomea karatasi yao. Alipofika kwenye mstari unaosema nyumba ya pili ni ya Gesare, naye amejaliwa binti Joyline, wale vijana waliitikia *inee* kama wengine. Nilisikia kwa masikio yangu. Halafu wakaenda mochwari kushughulikia mambo ya mwili.

Mama Job akapiga. Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye mashine ya fotokopi, kioo nakiona vizuri. Nikaona kidole gumba kinagusa kibao na mstari mmoja unageuka mweusi wote, kama unavyofanya ukiushika. Alipopiga herufi iliyofuata, ule mstari ukafutika. Yeye macho yako kwenye karatasi, vidole vinaenda.

Nimewahi kujiambia kwamba nilidhani ataona mwenyewe, kama alivyoona siku nyingine. Uongo. Nilidhani: acha aaibike kidogo. Sikujua ni mstari gani uliokwenda, na sikutaka kujua. Nakala mia mbili za programu ya mazishi, yenye historia ile ndani, nilizitoa mimi, kwa mikono yangu, nikazikunja bila kusoma.

Jumatatu Gesare akaingia dukani na programu mkononi. Hakupandisha sauti. Alimwambia Mama Job kwamba alikuwa ameketi mbele kabisa, kitambaa cheusi kichwani, akisubiri kusikia jina lake, na msomaji akatoka nyumba ya kwanza akaingia kwa wajukuu.

Mama Job akaisoma karatasi, akairudia. "Ni mkono wangu, mama," akasema. "Sijui umefanyaje, lakini ni mkono wangu. Nisamehe."

"*Yaya*, hapana," akasema Gesare. "Mkono wako haukosi. Kila mtu kuanzia Ikonge mpaka huku anajua haukosi. Wale vijana walikupatia nini?"

"Hakuna aliyenipa kitu."

"Basi nani alinitoa?"

Mimi nilikuwa nahesabu bahasha. Nilizihesabu mara tatu na sikumbuki zilikuwa ngapi.

Mama Job alikwenda kwenye taipraita yake ya zamani, akapiga historia yote upya, na kesho yake akaipeleka Ikonge yeye mwenyewe. Lakini historia ya marehemu haisomwi mara mbili, mzee alikuwa ameshazikwa. Wala Mama Job hakumkuta Gesare. Gesare alikuwa ametoka kwa ugomvi na wale vijana usiku uliotangulia, amerudi kwao Nyacheki na Joyline.

Novemba Mama Job akaomba kuondoka. Bwana Haresh alimsihi sana. "Kosa moja, Mama Job, kwa miaka kumi na minane," akamwambia.

"Kosa ninaloliona nitalirekebisha," akajibu. "Hili sikuliona." Akachukua mkoba wake, akatuaga mmoja mmoja. Mimi alinishika mkono kwa muda mrefu kuliko wengine, akaniambia nisiache kukaa wima kwenye mashine, kama alivyonifundisha. Siku hiyo hiyo nikakaa kwenye kiti, nikaitoa tiki, na sikuirudisha tena.

Mwezi wa sita mwaka uliofuata, mwanamke wa kanisa lake alikuja na kumbukumbu za mkutano. Nikamuuliza kwa nini Mama Job hawaandikii. Akasema Mama Job ameacha hata kushika kalamu, amekwenda hospitali mara mbili kupimwa mishipa ya mkono, madaktari hawaoni kitu, na yeye anaamini ni ugonjwa unaojificha. Kwamba hata jina lake kwenye daftari la chama anaandikiwa na jirani.

Jumamosi nikaenda Marani. Nilimkuta uani akichambua maharagwe, akafurahi kuniona, na hilo lilikuwa baya kuliko matusi. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikipewa kiti na chai sitasema.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Tiki moja?" akauliza.

"Moja, Mama Job."

Akautazama mkono wake wa kulia, akaukunja, akaukunjua. Machozi yalikuwa yakimtoka naye wala hayafuti. Nilimwomba msamaha. Alisema tu, "Mimi nimejua sasa, nitakuwa sawa. Gesare umemwambia?"

"Bado."

"Basi usikae hapa."

Nilifika Nyacheki Jumatano, nikaelekezwa mpaka kwa kaka yake Gesare, nikamkuta ametoka kuchuma majani chai, kikapu bado mgongoni. Nikamweleza kibao, tiki, mstari uliogeuka mweusi. Nilijua hajawahi kuona laptop, kwa hiyo nilieleza polepole, mara mbili. Nilimwambia nitakwenda Ikonge nikaseme mbele ya ukoo wote kwamba yeye hakuachwa na mtu, nitasema ni mimi.

Gesare akateremsha kikapu.

"Kwa hiyo wale vijana hawakujua," akasema.

"Hawakujua, mama."

"Yule mkubwa alipiga magoti. Aliniapia kwa kaburi la baba yake, udongo bado mbichi, kwamba hajui. Akaniambia mama, rudi nyumbani." Alikuwa hanitazami tena, alikuwa akitazama njia niliyojia. "Nikamlaani. Yeye na uzao wake, mbele ya wazee. Na mke wake mwezi wa tatu amezika mtoto."