Maji ya Chumvi Barabarani

Ipo siku moja ambayo naikumbuka hata leo nikipita Thika, mwanangu, ingawa watu wa siku hiyo wengi wameshazikwa. Kaka yangu Karanja alirudi nyumbani kwetu Ruiru jioni, akanawa mikono, kisha akaweka kipande cha lami mezani karibu na chai yake. Mama akamkaripia kwa kuleta uchafu mahali pa kulia. Karanja akacheka, akakibonyeza kwa vidole, na kile kipande kikamomonyoka kama mandazi ya juzi.

"Ona, Wangari," akaniambia. "Lami na mawe vimeachana."

Karanja alikuwa katika kikosi cha kukarabati barabara. Siku hizo walikuwa wakiziba shimo lile lile tena na tena, mbele ya ghala moja la ngozi pale Thika. Ngozi mbichi za ng'ombe zilipakwa chumvi zisioze, na kila sakafu ilipooshwa maji yalitiririka hadi barabarani. Alinieleza polepole, maana mambo hayo sikuyajua. Maji ya chumvi hupenya kwenye lami na kuilegeza pale iliposhikana na mawe. Jua likiwaka maji hukauka, lakini chumvi hubaki ndani, ikawa chembe ngumu zinazosukuma na kupanua nyufa. Kesho maji huja tena. Juu barabara inaonekana nzima, kumbe chini imebaki changarawe tu.

"Si umwambie mwenye ghala achimbe mtaro?" nikamuuliza.

"Nimemwambia. Anasema mvua ikiisha. Msimamizi wetu naye anasema tumetumwa kuziba shimo, hatukutumwa kufuata maji."

Mwenye ghala, Bwana Mbugua, hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniuma. Angekuwa katili ningepata wa kumchukia. Alimkaribisha Karanja chai, akakubali kila alichoambiwa, akaahirisha. Mvua ikaisha, mtaro haukuchimbwa.

Asubuhi moja Karanja alikuwa amepiga magoti shimoni, akitoa kokoto zilizolegea. Lori la ngozi likaja taratibu. Dereva alilikwepa shimo kwa uangalifu, akapitisha magurudumu pembeni, mahali ambapo lami haikuonyesha kasoro yoyote. Ikadidimia. Lori likalala upande ule aliokuwa kaka yangu.

Mwanangu, sitakueleza tulivyomwona hospitalini.

Tulimzika nyumbani. Vijana wa kikosi chake walisimama nyuma ya umati wakinong'onezana, nami nikajua wanapanga nini. Walitaka kulichoma lile ghala. Sikumwambia Mama, nikidhani hana nguvu za kusikia lolote zaidi.

Kulipokucha, kitanda cha Mama kilikuwa kitupu, na jembe halikuwa mahali pake. Nilipanda basi la kwanza kwenda Thika, nikihisi ameenda kwenye lile ghala. Nikamkuta mbele ya ghala, amejifunga leso ile ile ya mazishi, anachimba. Alikuwa ameanza pale maji yalipotokea ukutani. Udongo ulikuwa mgumu na mweupe kwa chumvi, na viganja vyake vilishachubuka.

Vijana wakafika. Mbele alikuwa Kimani, rafiki wa Karanja tangu utotoni, amebeba jerikeni ya petroli. Alipomwona Mama akasimama ghafla.

"Kimani, weka hiyo chini," Mama akasema bila kuinua sauti. "Wanaofanya kazi humo ndani ni watoto wa nani?"

"Lakini Maitu, mama yangu, wamemuua Karanja!"

"Najua. Mimi ndiye niliyemzaa. Ukichoma, watajenga lingine, na maji yatapita hapa hapa. Njoo unipokee jembe. Mgongo unaniuma."

Kimani akaanza kulia kwa sauti, mwanamume mzima, kisha akaingia mtaroni. Bwana Mbugua alitoka akiwa ameshika kofia mkononi. Alianza kusema pole, Mama akamkatiza.

"Pole nimeshapewa nyingi. Mwanangu alikuomba mtaro."

Bwana Mbugua alivua koti, akaingia akachimba pamoja na wale wale waliokuja kumchomea. Baadaye akajenga mfereji wa saruji na shimo la kukusanyia maji yale. Barabara ikawekwa lami upya, na safari hii ikadumu. Watu walifurahi. Mama hakwenda kuiona. Kwa miaka yote iliyobaki hakutia chumvi chakulani kwa mkono wake. Alitusukumia sisi kikopo, akageukia pembeni.

Basi nakuomba hivi, mwanangu. Ukijenga nyumba yako kule Theta, au ukifungua kibanda cha nyama Kamakis, angalia maji yako machafu yanaishia wapi, kwa sababu kuna mtoto wa mtu atakayepita huko. Kitu kikiharibika tena pale pale, usikifunike ukaenda zako, tafuta kinachokila. Ukimwahidi mtu jambo, lifanye angali hai. Na hasira ikikushika juu ya marehemu wako, jiulize yeye mwenyewe alikuwa akitaka nini, ukafanye hicho, hata kama unalia.

Mungu akutangulie kila utokapo, akurudishe mzima, na ukifika nyumbani ukute wote uliowaacha wangali wanakungoja.