Bunduki ya Mashoto

Tuhfa alizaliwa mashoto, ila kwao Pemba alifunzwa kuuficha mkono huo mbele za watu. Klabu ya kulenga shabaha ya Tanga mjini ilipomwambia achague bunduki yake ya kwanza ya upepo, mjomba wake Abass alikuwa amesimama pale pale. Kwa kumstahi, akachukua ya mkono wa kulia. Risasi hazikugusa hata karatasi.

"Bibie, unalenga au unafukuza kunguru?" kocha Edgar akamtania. "Kwenye timu nitakuingizaje?"

Uso ukamwiva. "Mie mashoto, kocha. Nipe ile nyingine."

"Tuhfa we! Mbele za watu?" mjomba akamaka.

Tuhfa akaibadilisha bunduki, akapiga katikati. Watu wakampigia makofi, naye kainamisha macho, hathubutu kumtazama mjomba.